Tukague Miti Yetu Kabla ya Tufani

Ndugu wananchi wa Ziwani,

Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, huko Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Sisi tuliponea chupuchupu. Aprili 1952 kimbunga kilipiga pwani hii hii, upande wa Lindi. Basi tusingoje. Tukague miti kabla ya mvua za Novemba.

Mti wa kuogopa ni upi? Si mkubwa tu. Gonga shina kwa mgongo wa panga. Likilia kama mtungi mtupu, ndani limeoza. Tazama chini. Udongo umeinuka upande mmoja? Mizizi inaachia. Na mara nyingi wakataji wa mizizi ni sisi wenyewe, tunapochimba udongo wa kukandika nyumba pale pale chini ya mwembe! Tuchimbe mbali.

Matawi makavu ya mkorosho hayazai. Kuyakata si hasara. Tawi linaloelekea paani tulikate kwa msumeno, kwanza kidogo kwa chini, kisha kwa juu, lisije likakwanyua gome la shina. Lakini tusimalize matawi yote ya ndani tukaacha majani nchani tu. Tawi la namna hiyo huvunjika upesi. Minazi, tuangue nazi kavu na makuti yaliyonyauka.

Mtu atasema, "Mwembe huu ndio kivuli chetu." Kweli, nasi hatusemi ukatwe. Ila ukiwa umeoza, tena umeinamia chumba wanacholala watoto, huo ukatwe, upandwe mwingine mbali na nyumba.

Upepo ukishaanza, mtu asipande mtini.