Daftari la Majaribio
Hotuba ya Halmashauri ya Hesabu katika sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu



Neno letu ni moja: sheria za kodi zinapogeuka, mwenye kufanya utafiti ajiweke tayari namna gani?

Mfano wetu twautoa Uingereza, nchi ambayo wafanya kazi wa Rochdale walifungua duka lao la ushirika mwaka 1844. Huko, tangu mwaka 2000, serikali huyapa nafuu ya kodi makampuni yanayotafuta maarifa mapya ya sayansi na ufundi. Lakini tangu tarehe 8 Agosti 2023 haitoshi tena kutaja fedha zilizotumika. Kila mwenye kudai hana budi kujaza fomu ya maelezo: maarifa yalikuwa yamefika wapi, alitaka kuyasogeza mbele kwa namna gani, shaka gani ilimzuia, naye alipambana nayo vipi. Fomu hiyo isipofika kabla ya hesabu ya kodi, au siku ile ile, dai lake huondolewa.

Tena, kwa miaka ya hesabu iliyoanza tarehe 1 Aprili 2023 na baadaye, anayedai mara ya kwanza, au ambaye hakudai katika miaka mitatu iliyotangulia, sharti atoe taarifa kabla ya kupita miezi sita tangu mwaka wake wa hesabu kwisha. Akichelewa, haki yake imepotea, ijapokuwa kazi aliifanya. Angalieni basi: hasara haimpati mvivu wa kazi peke yake, humpata na mvivu wa kuandika.

Huenda mkauliza, hayo yatuhusu nini? Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 nayo yaruhusu gharama za kustawisha kilimo na za utafiti zitolewe katika hesabu ya mapato. Lakini gharama isiyo na ushahidi haina mtetezi.

Nasi tukiri kosa letu. Miaka kumi tumejaribu mbegu na mbolea, mstari kwa mstari, lakini habari zake zimo vichwani mwa watu. Karani akihama, maarifa yamehama naye.

Kwa hiyo twaomba kila chama cha msingi kifungue daftari la majaribio msimu huu. Yaandikwe humo, siku ile ile ya kazi: shaka tuliyotaka kuiondoa, yaliyokwisha kujulikana, tarehe, majina ya waliofanya kazi na saa zao, fedha zilizotumika pamoja na stakabadhi, na matokeo. Jaribio lililoshindwa nalo liandikwe, kwani hata Uingereza kushindwa hakuufuti utafiti wa kweli. Ila tusidanganyane: kupanda mbegu ambayo sifa zake zote zajulikana si utafiti, ni kilimo tu.

Sheria ya kesho hatuijui, lakini mwenye daftari safi haitamshtua. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na maarifa ni mali.

Ushirika wetu udumu.