Nani Anaendesha Mashine Zetu? Maneno kwa Vijana Wanaosoma Uhandisi

(Hii ni nakala ya mazungumzo niliyotoa kwenye semina ya vijana wa vyuo. Nimepunguza salamu tu, mengine nimeyaacha kama nilivyoyasema.)



Nimeambiwa nizungumzie "vijana na teknolojia". Mada pana hiyo, mtu anaweza kuongea mpaka magharibi na asiseme kitu. Mimi nachukua somo moja tu, lile la uhandisi umeme na mitambo linaloitwa udhibiti wa mifumo. Bwenini tulikuwa tunaliita kontroo. Naona wanaolijua wameshaanza kucheka, maana ni somo linalogawa sapu kama pipi.

Nianze na ninachotaka muondoke nacho. Somo hili tunalisoma kama hesabu za kukariri, kumbe ndilo linaloamua nani anaendesha mitambo ya nchi hii. Tukilipita kwa madesa, mitambo itakuwa ya kwetu na funguo zake zitakuwa za wengine.

Wa sheria na ualimu msisinzie, hili linaeleweka. Chukueni tangi la maji lenye boya. Maji yakishuka, boya linashuka na kufungua valvu. Maji yakijaa, boya linapanda na kuifunga. Hakuna mlinzi wala saa. Tangi linajipima lenyewe na kujirekebisha lenyewe. Kule kurudisha habari ya kilichotokea, ili hatua inayofuata iwe sahihi, ndiko tunaita mrejesho. Sasa toa boya, weka mtu wa kufungua bomba saa 12 asubuhi na kufunga saa 2, liwe limejaa au halijajaa. Siku moja litafurika, siku nyingine wapangaji hawaogi. Huo ni mfumo usio na mrejesho. Amri inatoka, hakuna anayeangalia imefanya nini.

Mambo haya ni ya zamani. Mwaka 1788 James Watt aliifungia injini yake ya mvuke vyuma viwili vya mviringo vinavyozunguka. Injini ikikimbia sana, vyuma vinatanuka na kupunguza mvuke. Ikipoa, vinarudi na kuuongeza. Kifaa hicho kiliitwa gavana. Sio gavana wa Benki Kuu, huyo ni mwingine. Mwaka 1868 James Clerk Maxwell akaandika hesabu za kueleza kwa nini baadhi ya magavana hao, badala ya kutuliza mashine, waliifanya iyumbe. Ile milinganyo inayowatoa jasho kwenye UE, mizizi yake iko hapo.

Sasa tuje nyumbani. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Kila mtambo una gavana wake. Kazi yake ni nini? Umeme wa gridi hauwekwi ghalani kama mahindi. Unaofuliwa sasa hivi lazima ulingane na unaotumika sasa hivi. Wanachi wakiwasha pasi na viwanda vikianza kazi, mzigo unaongezeka, mitambo inalemewa na kuanza kuzunguka polepole. Masafa ya umeme, ambayo kwetu yanatakiwa kuwa hezi 50, yanaanza kushuka. Gavana analiona hilo na kuongeza maji yanayoingia kwenye mtambo. Mzigo ukipungua, anayapunguza. Kazi hiyo inafanyika usiku na mchana na hakuna anayepigiwa makofi.

Pale marekebisho yanaposhindwa kwenda na kasi ya hitilafu, mtambo mmoja ukitoka, mzigo wake unaangukia mingine, nayo inajitoa kujilinda, na giza linasambaa. Kenya waliliona giza la karibu nchi nzima Agosti 25, 2023. Sisi tuliliona Aprili 1, 2024, gridi ya Taifa ilipopata hitilafu. Siku kama hizo mitaani tunabishana nani ajiuzulu. Ni haki yetu kuuliza. Lakini nani kati yetu anaweza kukaa na ripoti ya kiufundi ya tukio lile, aisome na aulize swali ambalo mtaalamu hawezi kulikwepa? Anayeweza ni yule aliyesoma kontroo akaielewa.

Somo hili lina mafundisho mawili ambayo hata wa siasa mnayahitaji.

La kwanza ni kuchelewa. Mrejesho ukichelewa, dawa inageuka sumu. Mwangalieni dereva mgeni kwenye tope. Gari likiteleza kushoto anapinda kulia kwa nguvu, na kabla hajaona matokeo anaongeza tena. Mwisho gari linayumba zaidi ya mwanzo. Kwenye grafu za Bode na Nyquist, tunachotafuta ni hicho hicho: nguvu ya kurekebisha ni kubwa kiasi gani, na inachelewa kiasi gani, kabla mfumo haujaanza kujitikisa wenyewe. Mwaka wetu wa fedha wa serikali unaisha Juni 30. Ripoti ya CAG inamfikia Rais mwishoni mwa Machi, miezi 9 baadaye, ndipo iende Bungeni. Simlaumu CAG, kukagua kunataka muda. Nasema tu kwamba mwenye kontroo kichwani akisikia miezi 9 anauliza: katikati hapo nani anapima? Maana kwa miezi 9 mtu anamaliza ghorofa na kupaka rangi.

La pili ni kihisi, yaani kile kifaa kinachopima. Mfumo mzima, hata ungetengenezwa na mabingwa, unajua tu kile ambacho kihisi kimeuambia. Machi 10, 2019 ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 737 MAX iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ikaanguka dakika chache baadaye. Walikufa watu 157, wakiwemo wa ukanda wetu. Miezi minne na siku kadhaa nyuma, ndege ya aina hiyo hiyo ya Lion Air ilianguka Indonesia na kuua watu 189. Ndani ya ndege hizo kulikuwa na programu ya udhibiti iliyokuwa ikisukuma pua ya ndege chini ikiona imeinuka kupita kiasi. Ndege ina vihisi viwili vya kupima mwinuko huo, kimoja kila upande. Programu ilikuwa inasikiliza kimoja tu. Kikasema uongo, na programu ikautii, ikashindana na marubani mpaka mwisho. Kihisi cha upande wa pili kilikuwepo, ila hakuna aliyekiuliza.

Jamani, hili halihitaji tafsiri. Chombo chochote kinachosikiliza upande mmoja tu, kiwe ndege, kiwe ofisi ya serikali, kiwe hata chama chetu hiki hiki, kinakaa kikisubiri siku ambayo upande huo utasema uongo.

Sasa tulivyofundishwa. Chuoni kwetu kulikuwa na meza moja ya maabara inayofanya kazi. Kundi letu lilikuwa na watu 14. Mmoja anashika nyaya, mmoja anasoma namba, 12 wananakili. Ripoti ya mwaka uliopita ilikuwa inauzwa stesheni, shilingi mia kwa ukurasa, na namba zake zilifanana na zetu mpaka desimali ya mwisho. Mtu anapata A na hajawahi kuona mota ikiyumba kwa sababu yeye mwenyewe amezidisha namba moja. Sisemi wahadhiri ni wabaya. Mmoja alikuwa anafundisha madarasa matatu na bado anasahihisha mpaka usiku. Ukosefu wa vifaa sio bahati mbaya, ni bajeti, na bajeti hupitishwa na watu wanaopigiwa kura.

Nikaenda field kiwandani. Mashine ya kufungasha ikasimama. Fundi wetu, mtu mzima anayeijua mashine ile kwa mlio, alijua tatizo liko kwenye mpangilio wa udhibiti. Kufungua ili arekebishe, kompyuta inadai neno la siri. Neno hilo anaye kampuni iliyoiuza, iko nje ya nchi. Tukasubiri siku 3. Vibarua wa kutwa, mnajua mashine ikisimama hawalipwi. Siku 3 kina mama wale walikuja getini asubuhi na kurudi nyumbani mikono mitupu, kwa namba chache ambazo mwanafunzi wa mwaka wa tatu anazifundishwa.

Kwa hiyo nina mambo matatu.

Moja, wadogo zangu mnaosoma sasa hivi, msiingie kwenye UE ya kontroo kabla hujaendesha mfumo wako mmoja wenye mrejesho, hata wa kitoto. Mota ndogo ya printa mbovu, kihisi cha mwendo, kibodi kidogo cha kuprogramu, na Scilab au Octave ambazo ni bure. Changeni watu wanne. Zidisha namba mpaka mota itetemeke, halafu itulize. Siku hiyo grafu ya Nyquist itaacha kuwa mchoro.

Mbili, wawakilishi kwenye serikali za wanafunzi, acheni kudai bumu peke yake. Ulizeni kwa maandishi: meza za maabara ni ngapi, zinazofanya kazi ngapi, wanafunzi wangapi kwa kila moja. Hizo ni namba, na namba ndiyo kihisi chetu.

Tatu, kwenye kamati yetu ya sera, naomba iingie hoja kwamba mtambo wowote unaonunuliwa kwa fedha za umma uje na programu zake za udhibiti, maneno yake ya siri na mafunzo kwa mafundi wetu, na viandikwe ndani ya mkataba kabla ya senti kutoka.

Nimemaliza, Mwenyekiti. Nasubiri maswali, na yale makali yaanze.