Ellen Johnson Sirleaf na Hazina ya Liberia



Ellen Johnson Sirleaf akitajwa, kinachotangulia ni kilekile: mwanamke wa kwanza kuchaguliwa rais barani Afrika. Ni kweli, na ni heshima kubwa. Ila sifa hiyo ikibaki peke yake humfunika mwanasiasa mwenyewe. Jioni hii namwangalia kama mtu wa hazina, maana nguvu zake na udhaifu wake vyote vilikaa hapo.

Alikuwa Waziri wa Fedha wa Rais William Tolbert pale Samuel Doe na askari wenzake walipoipindua serikali tarehe 12 Aprili 1980. Tolbert aliuawa ikulu. Siku kumi baadaye viongozi 13, baadhi yao mawaziri wenzake, walifungwa kwenye nguzo ufukweni Monrovia na kupigwa risasi mbele ya waandishi wa habari. Sirleaf alinusurika, akaenda uhamishoni. Kwa miaka kadhaa alikuwa mfanyakazi wa benki hapa jirani, Nairobi. Angeweza kutulia huko na mshahara mnono. Mwaka 1985 akarudi kwenye siasa, akahukumiwa kifungo cha miaka kumi kwa kuikosoa serikali. Alipoachiwa alichaguliwa seneta, akakataa kukikalia kiti kwa kuwa uchaguzi wenyewe ulikuwa umechakachuliwa. Serikali ikamfunga tena.

Kuna doa ambalo msomi hana ruhusa ya kuliruka. Charles Taylor alipoanza uasi dhidi ya Doe, Sirleaf alimuunga mkono. Mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano alikiri kuchangisha dola 10,000, na akaomba radhi. Alimgeuka Taylor baadaye, akagombea dhidi yake mwaka 1997 na kushindwa vibaya. Radhi ile naipokea, lakini waliokwishazikwa na vita vile hawakuwepo kuisikia.

Mwaka 2005 George Weah, kipenzi cha vijana, aliongoza duru ya kwanza ya uchaguzi wa urais. Katika duru ya pili Sirleaf alipata takribani asilimia 59, huku wanawake wa sokoni wakiwa uti wa mgongo wa kampeni yake. Aliapishwa tarehe 16 Januari 2006.

Alichokikuta kilitisha. Nchi ilidaiwa karibu dola bilioni 4.7, na bajeti ya mwaka mzima ilikuwa kama dola milioni 80. Mji mkuu ulikuwa gizani tangu miaka ya vita. Taa za barabarani zilizowashwa katika baadhi ya mitaa tarehe 26 Julai 2006 zilitegemea jenereta. Hapo ndipo uzoefu wa benki ulipofanya kazi. Alifuta mikataba yote ya ukataji magogo, kwa sababu mbao ndizo zilizokuwa zimelipia bunduki. Aliendelea na mpango uliotaka wataalamu wa kigeni watie saini pamoja na maofisa wa Liberia kabla ya fedha za umma kutoka. Kwa taifa huru hilo ni jambo la kuumiza, na wapo waliomlaumu. Mimi naona alikuwa sahihi: bila saini zile wakopeshaji wasingemsikiliza. Mwaka 2009 madai ya kibiashara ya dola bilioni 1.2 yalinunuliwa kwa takribani senti tatu kwa kila dola, na kufikia Juni 2010 sehemu kubwa ya deni lote ilikuwa imefutwa. Mtoto aliyezaliwa Liberia mwaka huo hakurithi madeni ya Doe, na kwangu hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko Tuzo ya Amani ya Nobel aliyopata mwaka 2011.

Kwa nini basi mtu huyohuyo aliwapa wanawe nafasi penye fedha? Robert aliongoza bodi ya kampuni ya taifa ya mafuta. Charles alikuwa naibu gavana wa Benki Kuu. Leymah Gbowee, aliyeshiriki naye Nobel, alijiuzulu uongozi wa mchakato wa maridhiano mwaka 2012 akilalamikia upendeleo huo. Watetezi wa Sirleaf walisema watoto wale wamesoma. Wamesoma, ndiyo, lakini mama aliyekubali mgeni asaini malipo ya nchi yake ili mianya izibwe hakuhitaji kuelezwa ubaya wa mwanawe kukaa Benki Kuu. Agosti 2012 alimsimamisha kazi Charles pamoja na maofisa wengine 45 kwa kutotangaza mali zao. Baadaye Charles alirudi kwenye kiti chake.