Kugawanya Huanzia Katika Kuhesabu
(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani siku ya mkutano wetu)



Nimepewa dakika chache niseme juu ya elimu. Sitazungumzia vyuo vikuu. Nitamzungumzia mtoto wa darasa la tatu na hesabu za kugawanya, maana hapo ndipo wengi huanza kujiambia kuwa hesabu si zao. Baadaye huingia Kidato cha Kwanza wakiogopa sehemu, uwiano na asilimia, na yote hayo yamejengwa juu ya kugawanya.

Neno langu ni moja: mtoto anayeweza kuhesabu kwa kuruka anaweza kugawanya. Mwulize 24 gawanya kwa 6, huenda akatazama dari. Mwambie ahesabu sita sita, akikunja kidole kila anapotaja namba: 6, 12, 18, 24. Vidole vinne vimekunjwa. Jibu ni 4. Hakukariri kanuni yoyote. Amehesabu mafungu tu.

Mama muuza nyanya sokoni hufanya hivyo kila siku. Ana nyanya 40, anazipanga tano tano, anapata mafungu manane. Basi mtoto naye aanze na kokoto au vizibo vya soda kabla ya kushika kalamu. Akizoea, ataona kwamba 6 mara 4 na 24 gawanya kwa 6 ni njia moja, ya kwendea na ya kurudia.

Ikiwa ni 26 gawanya kwa 6, ataruka mpaka 24. Akiruka tena atafika 30, amepita. Basi na asimame kwenye 24, aseme: mafungu manne, baki 2.

Sisi watumishi wa Serikali hatuna budi kuijua baki hiyo. Chukueni shule yenye watoto 400 na madawati ya kukaliwa na watatu watatu. 400 gawanya kwa 3 ni 133, baki 1. Karani akiagiza madawati 133, mtoto mmoja atakaa sakafuni. Yanatakiwa 134. Hapo baki si namba, ni mtu.

Namba zikiwa kubwa, kuruka kidogo kidogo kunachosha. Kwa 952 gawanya kwa 7, mfundisheni kuruka kwa hatua ndefu. Saba mia moja ni 700, zinabaki 252. Saba thelathini ni 210, zinabaki 42. Saba sita ni 42; zimekwisha. Mia moja, thelathini na sita: jibu ni 136. Hiyo ndiyo hesabu ndefu ya kugawanya inayowatoa watoto jasho, na ndani yake hamna kitu ila kuhesabu kwa kuruka.

Wanafunzi, likizo ikifika kaeni na wadogo zenu dakika kumi kila jioni. Msiwacheke wanapohesabia vidole. Vidole ndivyo ubao wao wa kwanza. Nasi wenzangu, tunapochangia mabati na rangi, tukumbuke kuwa kumkalisha mtoto na vizibo vyake hakuhitaji harambee. Haba na haba hujaza kibaba. Na mtoto akijua zimeingia haba ngapi, amekwisha kugawanya.