Watu wa Desturi Mbalimbali Katika Kazi Moja

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linalowakuta watu wengi waendao kazini kila asubuhi, wala halisemwi sana: jinsi watu wa desturi mbalimbali wawezavyo kufanya kazi chini ya paa moja pasipo kudhulumiana. Mfano wetu tutautwaa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, kwa kuwa huko jambo hili laonekana wazi. Lakini msikilizaji aliyeko Bukoba au Moshi asizibe masikio, maana huenda akajiona mwenyewe humu kabla hatujamaliza.

Newala tangu zamani si mahali pa kabila moja. Mwaka 1906 Profesa Karl Weule, Mdachi wa Leipzig, alipofika huko kuchunguza desturi za watu, alikuta habari za Wayao, za Wamakua na za Wamakonde, wote wakikaa jirani. Baadaye wakaja watu wa mbali. Mwaka 1947 ulipoanzishwa mpango mkubwa wa karanga katika nchi ya Tanganyika, Nachingwea, isiyo mbali na Masasi, ikawa moja ya mahali palipochaguliwa. Watu wakakusanyika huko kufyeka pori na kujenga reli, hata Serikali ya Uingereza ilipouacha mpango huo mwaka 1951. Siku hizi hakuna tena karanga za namna hiyo, lakini mchanganyiko upo. Serikali humpeleka mtumishi wake popote. Mwalimu huzaliwa Kagera akafundisha Newala. Muuguzi hutoka Mwanza. Msimamizi wa ghala la korosho hutoka Kilimanjaro. Nao wenyeji wa uwanda huajiriwa pamoja nao.

Basi hapa yafaa tueleze jambo moja kwa taratibu, kwa sababu yote yatakayofuata yamesimama juu yake. Wamakonde, Wamakua na Wayao, kwa asili yao, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mamaye. Mwenye neno katika ukoo huo ni ndugu wa kiume wa mama, yaani mjomba. Yeye ndiye aliyekuwa akisimamia ndoa ya mpwawe, akimlipia deni, akimwombea msamaha alipokosa. Wayao wana neno lao, mbumba, maana yake ni wale dada na watoto wao walio chini ya ulinzi wa kaka mmoja; na heshima ya mtu mume ilipimwa kwa jinsi alivyoitunza mbumba yake. Wachaga, Wahaya na Wasukuma hesabu yao ni nyingine: ukoo wafuata baba, na mkubwa wa mtoto, kama baba hayuko, ni baba mkubwa au baba mdogo. Hatusemi kwamba kila Mmakonde wa leo aishi hivyo sawasawa na babu zake. Dini, shule na mshahara vimebadili mengi, na baba wengi sasa huwalea na kuwasomesha wana wao wenyewe. Lakini siku ya msiba mambo ya zamani huamka.

Tuseme, kwa mfano, yuko karani katika ghala la korosho la mtu binafsi. Ni mwezi wa Novemba. Korosho zinaingia kutoka vijijini, magunia yapimwa mchana kutwa, malori yangoja kwenda Mtwara. Asubuhi moja karani huyu apata habari kwamba mjomba wake amefariki Kitangari. Aenda kwa msimamizi wake kuomba ruhusa. Msimamizi, ambaye si mtu mbaya hata kidogo, afungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kama ilivyotungwa mwaka 2004. Kifungu cha 34 chasema mfanyakazi atapewa siku zisizopungua 4 zenye malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto wake, au kwa kifo cha mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Msimamizi asoma mara mbili. Mjomba hamo. “Pole sana,” amwambia karani, “lakini sheria haimtaji. Nenda Jumamosi baada ya kazi.”

Jumamosi! Mazishi ni leo alasiri. Na karani huyu si mgeni wa kukaa nyuma mkekani. Pengine yeye ndiye mpwa mkubwa, ndiye watu watakayemtazama. Asipofika, jina lake litatajwa kwa miaka. Njia zilizo mbele yake ni chache. Aweza kwenda bila ruhusa, akaandikwa kuwa mtoro. Aweza kubaki ghalani, akakosa heshima kwao. Au aweza kusema neno fupi litakalofungua mlango: “Baba yangu amefariki.” Wengi husema hilo la tatu, nasi hatushangai. Wala kwa lugha ya kwao si uongo mtupu, kwa kuwa aliyemlea na kumsimamia alikuwa mzee huyo. Karani apata siku zake, aenda, azika, arudi.

Taabu haijafika. Yafika mwaka unaofuata, babaye wa kumzaa anapofariki kweli. Karani aja tena analia. Msimamizi afungua jalada, aona neno lililoandikwa Novemba, amtazama usoni. “Wewe una baba wangapi?” Tangu siku hiyo karani huitwa mwongo. Akichelewa kwa mvua, haaminiwi. Akiugua, huambiwa alete cheti mbele ya wenzake. Na habari huenea haraka, tena hukua njiani: watu wa huku baba zao hufa mara mbili, mama zao mara tatu. Maana kwa mama nako mambo ni hayo hayo. Dada wa mama ni mama. Mtoto wa mama mdogo ni ndugu, wala hapana mtu wa uwandani anayemwita binamu. Msimamizi hesabu yake ni sahihi, na karani hesabu yake ni sahihi. Ila kila mmoja ahesabu kwa kibaba chake.

Twaomba msikilizaji aone vema mahali kosa lilipo. Sheria haikutungwa kumwonea Mmakonde. Hata msimamizi mwenyewe, akifiwa na baba yake mkubwa aliyemsomesha tangu utoto, akiomba siku 4 kwa kifungu hicho hatazipata, kwa sababu baba mkubwa naye hamo. Waliotunga sheria waliitazama nyumba ya mume na mke na wazazi wao, na sheria yoyote haina budi kukata mahali fulani. Kama ingalitaja kila jamaa, ghala lingalifungwa nusu ya mwaka. Tena siku zile 4 ndizo zote kwa mzunguko wa miezi 36, hata ikiwa misiba ni mitatu. Na mwenye ghala ana haki yake. Magunia yasipopimwa leo, mkulima aliyeyaleta kutoka mbali atalala nje na mali yake.

Lakini mlango upo, na wasimamizi wengi hawaugusi. Sheria yenyewe yamruhusu mwajiri kumwongezea mtu siku kwa msiba, ingawa hizo za nyongeza hazina malipo. Tena kifungu cha likizo ya mwaka, ambayo ni siku 28, chamruhusu mwajiri akimpa mfanyakazi ruhusa yenye malipo kwa ombi lake, siku hizo zipunguzwe katika zile 28. Kwa hiyo msimamizi wetu angaliweza kumjibu hivi: “Mjomba hamo katika kifungu hiki, lakini twaa siku 3, nitaziandika katika likizo yako ya mwaka.” Asingalivunja sheria, wala karani asingalisema uongo. Hapana aliyewafundisha kuulizana, basi.

Sisi twaona dawa ni kuuliza mapema. Siku mtu anapoajiriwa huandikishwa jina, kijiji, shule aliyosoma, mahali pa kupelekewa mshahara. Aulizwe pia: Ni nani aliyekulea? Ni nani mkubwa wa ukoo wako ambaye akifa huwezi kukosa kuwako? Ni kina nani unaowaita mama? Mmoja atamtaja mjomba. Mwingine atamtaja baba mkubwa. Wa tatu aliyelelewa na bibi yake au na jirani atamtaja huyo. Majina yaandikwe, yatiwe jaladani. Kisha hesabu ya siku iwe moja kwa wote, Mchaga asipate siku 5 na Mmakua 3. Idadi ya siku ni ya ghala. Jina la marehemu ni la mfanyakazi. Hivyo hakuna atakayenung'unika kwamba kabila fulani lapendelewa, na kusema kweli manung'uniko ya namna hiyo ndiyo huvunja kazi upesi kuliko misiba yenyewe.

Mfanyakazi naye ana wajibu, wala hatutauficha. Mjomba ni wengi. Ndugu wote wa mama ni wajomba, na wajomba wa ukoo wako kila kijiji kuanzia Mahuta hata Kitangari. Aliyetaja mmoja jaladani asije akaomba siku zile zile kwa kumi. Barua ya mwenyekiti wa kijiji si dharau. Sheria yamruhusu mwajiri kutaka ushahidi wa haki, na mtu mkweli huitoa pasipo kununa.

Sasa twaingia katika utani, kwa kuwa wengi hudhani kwamba utani ndio dawa ya kila kitu katika nchi hii. Ni kweli umesaidia sana. Bwana R. E. Moreau, ambaye kazi yake hasa ilikuwa elimu ya ndege huko Amani, aliandika juu ya utani wa makabila ya Tanganyika katika miaka ya 1940, na alionyesha jinsi makabila yaliyopigana zamani yalivyogeuza uadui kuwa mzaha wenye haki na wajibu. Mtani hukutukana, hukunyang'anya kofia yako mazishini, lakini yeye huyo hushika jembe la kaburi. Mtu aliyekufa mbali na kwao, katika mashamba ya mkonge au njiani, aliweza kuzikwa kwa heshima kwa sababu watani wake walikuwako.

Lakini utani una mipaka yake. Mpare na Mchaga ni watani, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, wajua wanachochezea. Mwalimu aliyefika juzi kutoka mbali si mtani wa mtu wa Newala, ila amechukuliwa kuwa mgeni. Basi akiona mwenzake amefungua chakula cha mchana, na ndani mna panya wa shambani aliyekaushwa vizuri, ambaye wenyeji humwita samaki nchanga, kisha akicheka kwa sauti na kuwaita wengine waje kutazama, hilo si utani. Ni matusi. Vivyo hivyo kumwuliza mama mzee kwa mzaha habari za chale zilizo usoni pake. Chale hizo zilichorwa kwa maumivu na kwa fahari, wala hazikuchorwa ili ziwachekeshe watu wa ofisini. Na wenyeji nao, wakikaa watano mezani wakasema Kimakonde mbele ya mmoja asiyekijua, kisha wakacheka, huyo mmoja atajua tu kwamba amechekwa, hata kama walikuwa wakizungumza habari za mbuzi. Kiswahili tunacho, mezani na kitumike.

Limebaki jambo la jando na unyago. Tofauti na kifo, hili hujulikana miezi mingi kabla, na siku hizi mara nyingi hupangwa wakati wa likizo za shule ili watoto wasikose masomo. Mzazi hutaka awepo siku ya kutoka, mtoto anapovikwa nguo mpya na kuchezewa ngoma, na mjomba hutakiwa zaidi. Hapa hapahitaji kifungu wala barua. Orodha ya likizo ya mwaka inapotengenezwa, kila mtu ataje mwezi anaoutaka. Msimamizi atazame: kama wanne wameomba juma lile lile, awaite wakae pamoja, waambiwe ni wawili tu wawezao kuondoka, kisha waachiwe wapatane wenyewe nani atangulie. Mara nyingi watamaliza kabla chai haijapoa, maana wanajua vema kuliko yeye ni mtoto wa nani anayetoka, na ni nani kati yao aliye mjomba wake.