Pombe ya Kwanza Hutoka Karibu na Nyumbani
Hotuba kwa wazazi, wazee wa mtaa na vijana



Mzazi akigundua kuwa mwanawe wa miaka 14 amelewa, huuliza kwanza ni nani aliyemharibia mtoto. Vidole huelekezwa kwa marafiki wabaya, au kwa mpangaji aliyehamia mtaani juzi. Mara nyingi jibu liko karibu zaidi. Mjomba alimpa mtoto glasi siku ya harusi, watu wakacheka. Baba alimtuma mangweni na chupa, au mama alimwagiza tembo la kuumulia unga wa vitumbua, naye akaonja njiani. Mnazi uliogemwa alfajiri huwa mtamu kama juisi. Kufikia jioni mnazi uo huo umechachuka, na unalewesha. Hakuna aliyemlazimisha mtoto.

Hapa Pwani mnazi una heshima yake katika mahari, matambiko na mazishi, na mgema analipa karo kwa jasho la kupanda minazi. Ndiyo maana majirani hunyamaza. Nani atamripoti kwa chifu mtu aliyemkopesha unga wiki iliyopita? Lakini mtoto huona kila kitu. Akiona watu wazima kumi wanampita mangweni bila kumuuliza anatafuta nini, anaelewa kuwa ameruhusiwa.

Halafu kuna disko matanga. Spika zinapigwa usiku kucha, watoto wa shule wanacheza hadi alfajiri, na pombe inauzwa gizani. Saa nane za usiku kila mzazi hudhani kuwa mzazi mwingine anawaangalia. Disko hizi zimepigwa marufuku mara nyingi, na bado zinarudi, kwa sababu familia iliyofiwa inatafuta pesa za mazishi. Mtaa unaochanga mapema, hata shilingi hamsini kila nyumba, unaiondolea familia hiyo haja ya kukodi spika. Polisi hawawezi kuifanya kazi hiyo.

Vijana nao wana hesabu yao, na haiko sawa. Katika darasa la wanafunzi 40, watatu waliokunywa Jumamosi ndio wanaosimulia Jumatatu. Waliolala nyumbani hawana cha kusimulia. Basi kijana anayesikiliza huamini kuwa kila mtu anakunywa isipokuwa yeye, na anaanza ili asiachwe. Hili si jambo dogo, kwani wanaoanza kunywa kabla ya miaka 15 wamo katika hatari kubwa zaidi ya kuwa watumwa wa pombe ukubwani kuliko wanaongoja.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, na hata kumruhusu kuingia mahali inaponywewa. Kwa hiyo mzazi anayemtuma mtoto mangweni anamtia muuzaji makosani. Sheria hiyo pia inakataza baa iliyo ndani ya mita 300 kutoka shuleni. Tangu Katiba ya 2010, kazi ya kutoa leseni za vileo ni ya kaunti, na ombi la leseni huweza kupingwa kwa maandishi kabla ya kusikilizwa. Barua yenye sahihi za wazazi kumi, ikitaja jina la shule na umbali wake, ina uzito mbele ya kamati. Manung'uniko ya njiani hayafiki huko.

Kwa kijana ambaye tayari anakunywa, kumchapa na kumfukuza nyumbani humpeleka kwa wale wale waliompa chupa. Shangazi, babu au mwalimu anayemwamini aketi naye asubuhi, pombe ikiwa imemtoka, amsikilize kwanza. Ikihitajika, nambari 1192 ya NACADA hupigwa bila malipo, na mzazi anaweza kuipiga yeye mwenyewe kuomba ushauri.