Kompyuta Isiwe Mchepuo wa Wachache

Tumeombwa tuseme neno kuhusu elimu, ilhali sisi si walimu. Tulimaliza kidato cha nne, tukaingia dukani, na mpaka leo tunauza misumari, rangi na mabomba hapa Tanga. Basi tutasema yale yanayoonekana kutoka nyuma ya kaunta.

Tulipokuwa wanafunzi, miaka ya sabini, shule za sekondari zilikuwa na michepuo: kilimo, ufundi, biashara, sayansi kimu. Wa biashara walifundishwa kutunza vitabu vya hesabu na kupiga taipu. Wa kilimo aliweza kumaliza shule bila kuigusa taipureta hata siku moja, wala hakudhurika, kwa kuwa barua ya kuomba kazi iliandikwa kwa mkono na ikapokelewa. Kompyuta ilikuwa habari ya mbali. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingizwa kwa kompyuta nchini, baada ya jaribio la kuweka hesabu zake kwenye mashine hizo kwenda mrama. Msicheke sana. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Leo maombi ya mkopo wa elimu ya juu, ya kazi serikalini, na hata usajili wa jina la biashara, yote hupita mtandaoni. Asiyejua hukodi mikono ya mwenzake, na hapo ndipo penye maumivu.

Binti wa mtunza stoo wetu alifaulu vizuri kidato cha sita. Akaenda steshenari kujaziwa fomu ya mkopo. Kijana wa pale, pengine kwa haraka tu, akaandika anwani ya barua pepe yake mwenyewe na nywila aliyoijua yeye. Kiambatisho kimoja kilikuwa na kasoro. Taarifa ya kukirekebisha ikaenda kwa yule kijana, ambaye alikuwa amewajazia watu wengi na hakumkumbuka tena. Binti alipokuja kujua, muda ulikuwa umekwisha kupita. Alikaa nyumbani mwaka mzima, baba yake akiingia stoo kila asubuhi bila kutuambia neno. Nasi tulikuwa na kompyuta mbili dukani, mita kumi kutoka anapokaa. Hatukuuliza. Jambo hilo linatutia haya mpaka leo.

Kwa hiyo tukiulizwa kama shule ziwafundishe watoto wote kutumia kompyuta, tunajibu: wote. Hatusemi wote wafundishwe kutunga programu. Hiyo iwe kwa wenye hamu nayo. Tunasema kila mtoto ajue kuandika kwa vidole vyote, afungue barua pepe yake na kuitunza nywila yake mwenyewe, ahifadhi faili leo na kulipata kesho, ajumlishe jedwali dogo, na autambue ujumbe wa tapeli kabla hajatuma fedha.

Wako wanaosema kwamba kusoma na kuhesabu kutangulie. Tunakubali bila ubishi. Wengine husema watoto wana simu, watajifunza wenyewe. Hapa tunatofautiana. Vijana wanaokuja kwetu kutafuta kazi wana vidole gumba vyepesi kuliko macho yetu. Lakini mpe mmoja wao orodha ya bidhaa mia mbili, umwambie aipange kwa bei na atoe jumla, utamwona anakwama. Simu imemfundisha kutazama na kutuma. Kazi ya ofisi hajapata kuigusa.

Kuna hoja ya gharama, nayo ina uzito kwa shule zisizo na umeme wa uhakika. Hata hivyo, tumejifunza kwamba mashine si mwisho wa safari. Miaka kadhaa iliyopita, wafanyabiashara wachache tulichanga tukaipa shule moja kompyuta kumi na tano zilizotumika. Picha zilipigwa, tukavishwa mashada. Mwaka uliofuata tulipita pale tukazikuta zimefunikwa vitambaa, chumba kina kufuli mbili. Walihofia zisiharibike! Baadaye tulimwajiri kijana wa kupakia mizigo aliyesoma shule hiyo hiyo. Alitueleza sehemu za kompyuta kwa ufasaha, kama alivyozikariri kwa ajili ya mtihani. Tulipomketisha mbele ya mashine, alitafuta kitufe cha kuiwasha. Tukamwuliza imekuwaje. Akasema, "Tajiri, sisi tulikuwa tunaiona dirishani tu."

Kosa hatukumpa yeye, wala walimu wake peke yao. Sisi tulitoa mashine bila kuuliza nani atafundisha na nani atalipia fundi.

Marehemu baba yetu alitufundisha hesabu za duka kwa njia moja tu: kalamu mkononi, daftari magotini, jumla isipolingana unaanza upya. Kila Diwali tunayaweka madaftari hayo, chopda, mbele ya madhabahu. Siku hizi wengine huleta kompyuta mpakato, na baadhi ya wazee wetu hununa. Sisi hatununi. Baba asingekubali mtu mwingine amshikie daftari lake. Basi na mtihani wa kompyuta ufanywe hivyo: mtoto aketi, awashe, aandike barua, aihifadhi, aitume.

Serikali ina ratiba yake na walimu wana mzigo wao. Wakati tukiwangoja, tumeiomba kamati ya hekalu ukumbi mdogo ulio nyuma ya jiko, wenye umeme na feni, kila Jumamosi alasiri. Kompyuta sita zipo tayari. Yule binti, ambaye sasa yuko chuoni, amekubali kufundisha wakati wa likizo; kwa miezi mingine tunatafuta mwalimu wa kulipwa. Nafasi ni za watoto wa mtaa mzima, wa dini yoyote, na wazazi wao wakitaka. Sisi wenyewe tumeandika jina, maana ritani za kodi bado tunajaziwa na mjukuu. Viti vimepungua vinne. Mwenye navyo avilete. Ufunguo uko kwa mweka hazina.